NDOANO NDOGO SI KAZI NDOGO



Liko neno moja ambalo matajiri wa kazi ya kufunga nzi wamelizoea sana, nasi tumelisikia mpaka masikio yamechoka: "Huyu ni nzi mdogo, basi bei yake ni ndogo." Chama chataka kulijibu neno hilo leo, tena waziwazi, kwa sababu limepunguza riziki ya watu wengi hapa Nyeri, Kiganjo, Karatina, Naro Moru na Nanyuki. Wengi wao ni akina mama, na wengi hawajapata hata siku moja kukaa meza moja na tajiri wakaulizana bei ile imepimwa kwa kipimo gani.

KAZI YENYEWE

Wanachama wa kazi nyingine, wale wa hoteli, wa kahawa na wa magari, huenda hawaijui kazi hii, kwa hiyo yafaa tuieleze kwanza. Nzi tunaowasema ni chambo. Hufungwa kwa mkono juu ya ndoano, kwa uzi, manyoya ya jogoo, nywele za wanyama na waya mwembamba, ili samaki aitwaye trauti adhani ni mdudu wa kweli.

Trauti si samaki wa asili wa mito yetu. Mwaka 1905 mzungu mmoja, Ewart Grogan, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, yakatiwa katika mto Gura utokao milima ya Nyandarua. Mwaka 1910 wakaletwa trauti wa aina nyingine, wenye rangi za upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini. Baadaye samaki hawa wakaenezwa katika Chania, Thego, Sagana, Ragati, Burguret, Naro Moru, na upande wa Embu katika Rupingazi. Mwaka 1948 kikafunguliwa kituo cha kuzalisha trauti pale Kiganjo. Alikuwa samaki wa mchezo, samaki wa leseni. Lakini mchezo wa tajiri huhitaji kazi ya maskini. Wavuvi walitaka nzi, na mikono iliyojifunza kuwafunga ilikuwa mikono ya watu wetu. Leo nzi waliofungwa Kenya huuzwa Uingereza, Ulaya na Marekani, na wavuvi wa mbali ambao hawajaiona nchi hii wanamjua nzi mweusi aitwaye Kenya Bug.

Sasa, miongoni mwa nzi hao wako wadogo kabisa. Hawa huiga usubi, wale wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi juu ya maji. Usubi huanza maisha kama funza chini ya maji, na wengine ni wekundu kama damu. Halafu hupanda mpaka juu, hutoka katika ganda na kuruka. Katika kila hatua trauti humla, tena kwa wingi, na katika maji mengi hupatikana majira yote. Kwa hiyo mvuvi anayetaka samaki mwaka mzima hawezi kukosa nzi wa usubi katika kikasha chake. Oda za nzi hawa si za bahati. Ni biashara ya kudumu.

Ndoano zake zina namba 18, 20, 22, hata 24. Katika ndoano hizi, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoano inavyokuwa ndogo. Ndoano ya namba 22 haizidi punje ya mchele. Mfungaji huibana katika jiliwa, huzungusha uzi mwembamba kama unywele mpaka mwili wa mdudu utokee, huzungusha waya juu yake kwa nafasi sawasawa, huweka kifua, hufunga kichwa, hukata uzi, kisha hutia tone la vanishi kwa ncha ya sindano. Uzi ukizidi mizunguko miwili mitatu, kichwa huwa kinene na tundu la ndoano huzibwa. Tone likizidi, tundu huzibwa. Na nzi ambaye tundu lake limezibwa mvuvi hawezi kumfunga katika kamba yake, basi ni takataka.

Hiyo ndiyo kazi inayoitwa ndogo.

TUPIME KWA SAA

Tajiri asema: "Nzi mkubwa ana manyoya mengi, ana mabawa, ana mkia. Huyu wa usubi ana uzi na waya tu. Vitu vichache, bei chache." Ndugu, yatazameni maneno haya vizuri, maana yanamshitaki mwenyewe aliyeyasema. Ikiwa ndani ya nzi mna uzi kidogo, waya kidogo na ndoano, basi kitu gani kingine anachokiuza? Anauza kazi ya mkono na jicho la mfungaji. Kadiri vifaa vinavyopungua, ndivyo sehemu ya kazi inavyozidi katika kitu kile. Nzi wa usubi karibu wote ni kazi. Kwa hiyo yeye ndiye ambaye bei yake ingepasa kufuata kazi kuliko nzi wote.

Tufanye hesabu ya mfano, na kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe mahali pa zetu. Tuseme mama mmoja hufunga nzi wa kawaida mmoja kwa dakika 5. Kwa saa 6 amefunga 72, yaani dazeni 6. Kama dazeni ni shilingi 40, amepata shilingi 240. Kesho yake apewa oda ya usubi. Mmoja humchukua dakika 7 na nusu, kwa sababu macho hayaoni upesi na vidole haviwezi kukimbia. Kwa saa 6 zile zile amefunga 48, yaani dazeni 4. Kwa bei ile ile amepata shilingi 160. Hakuchelewa. Hakulala. Hakupiga soga. Amekatwa shilingi 80 kwa kosa la kupewa ndoano ndogo. Ili apate sawa na jana, dazeni ya usubi ingepaswa kuwa shilingi 60. Na ikiwa tajiri ameishusha chini ya 40 kwa kisa cha udogo, basi mama huyo amekatwa mara mbili.

Wako wanaobisha: "Usubi hufungwa upesi, hana mabawa." Vema. Hatutaki kushindana kwa maneno. Twataka saa iwekwe juu ya meza. Achaguliwe mfungaji wa kawaida, si yule kijana hodari kuliko wote. Apimwe asubuhi, apimwe na saa kumi jioni, macho yakiwa yamechoka. Mjumbe wa wafanyi kazi awepo na mnyapara awepo, na dakika ziandikwe mbele ya wote wawili. Zikionyesha kwamba usubi huchukua muda mfupi, tutanyamaza. Zikionyesha kwamba huchukua muda mrefu, tajiri naye anyamaze, alipe.

Watu wa Nyeri hawana haja ya kufundishwa jambo hili, maana wamelijua katika kahawa. Kila mchuma kahawa anajua ugomvi wa debe: je, ni debe la kusawazishwa, au ni debe la kufurika? Bei ni ile ile, debe ni lile lile, lakini kile kilima cha juu ni kahawa ya bure. Nzi wa usubi ndiye kilima cha juu cha debe letu. Na wachuma chai wa mashamba makubwa ya Kericho walipata dawa ya ugomvi wa namna hii zamani: bei ya kilo huandikwa katika mapatano kati ya chama chao na matajiri. Wao bado wana vita vyao, lakini bei ya kilo hawaisikii mdomoni mwa mnyapara.

SHERIA YASEMA NINI

Ndugu wengine hudhani sheria itawafanyia kazi hii wenyewe wakiwa wamelala. Yafaa tuijue sheria jinsi ilivyo, tusidanganyane.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaeleza kazi ya kulipwa kwa idadi kuwa ni kazi ambayo malipo yake hupimwa kwa kiasi kilichofanywa, bila kujali muda uliotumika. Someni tena: bila kujali muda uliotumika. Maana yake ni kwamba saa haimo katika sheria hiyo kwa upande wetu. Tusipoiingiza sisi kwa mapatano, hakuna mtu atakayeiingiza.

Sheria hiyo hiyo yamtaka tajiri ampe mfanyi kazi hati ya kuonyesha mshahara na makato. Lakini inawaacha nje vibarua na wale wanaolipwa kwa idadi. Kwa hiyo yule ambaye malipo yake ni magumu kuliko yote kuyahesabu, ndiye asiyepewa karatasi ya hesabu! Karani wa ofisini, ambaye mshahara wake ni ule ule kila mwezi, hupata hati. Mama mwenye dazeni zilizokubaliwa, dazeni zilizokataliwa, na bei tatu tofauti, apewa noti mkononi na kuambiwa aende.

Lakini sheria haikutuacha mikono mitupu. Yasema mfanyi kazi wa idadi alipwe mwisho wa kila mwezi kwa kadiri ya kazi aliyoifanya, au kazi ikiisha kabla ya hapo, alipwe ikiisha. Hakuna mahali iliposema "mpaka mnunuzi wa ng'ambo alete fedha." Kumngojesha mfungaji miezi miwili kwa sababu meli au benki imechelewa ni kumfanya mfungaji kuwa benki ya tajiri, tena benki isiyotoza riba. Tena sheria yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja hawi tena kibarua wa kuitwa leo na kufukuzwa kesho. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyi kazi haki ya malipo ya haki, hali njema ya kazi, kujiunga na chama na kugoma. Haki hizi zimo kitabuni. Kuzitoa kitabuni na kuzileta mezani ni kazi ya watu walioungana.

MACHO NI CHOMBO CHA KAZI

Dereva akiharibikiwa na gari, gari hupelekwa kwa fundi. Mfungaji nzi akiharibikiwa na macho, yeye mwenyewe hupelekwa nyumbani.

Kila binadamu akipita miaka 40 au karibu na hapo macho yake huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Hilo si ugonjwa wa uvivu, ni maumbile. Lakini kazi ya usubi yote ni ya karibu. Hivyo mama aliyefunga nzi miaka 20, ambaye vidole vyake vinajua kila kitu, ambaye aliwafundisha wasichana wote wa karakana, huanza kuambiwa kazi yake imekuwa mbaya. Dawa yake ni nyepesi: miwani ya kusomea, kioo cha kukuza, na taa nyeupe juu ya kila jiliwa. Bei ya vitu hivyo si kitu mbele ya ujuzi wa miaka 20. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali pa kazi pawe na mwanga wa kutosha. Balbu moja katikati ya chumba cha watu wengi si mwanga wa kutosha kwa ndoano ya namba 22.

Tena macho yahitaji kupumzishwa. Anayetazama kitu cha karibu kwa muda mrefu yafaa ayainue macho mara kwa mara na kutazama mbali kidogo. Mungu ametupa Kirinyaga mbele ya dirisha. Lakini mtu anayelipwa kwa idadi huogopa kuinua uso, maana kila akiinua uso anaona senti zikianguka. Kwa sababu hii mapumziko lazima yawe ndani ya bei, yasiwe zawadi.

NZI WALIOKATALIWA

Jambo jingine. Mnyapara akichagua nzi, huweka wabaya kando. Hatukatai kuchaguliwa kazi. Fundi asiyetaka kazi yake itazamwe si fundi. Lakini twauliza: aliyekataliwa huenda wapi?

Iko karakana moja, nasi hatuitaji jina hapa, ambapo waliokataliwa hawakurudishwa kwa mfungaji wala hawakukatwa mbele yake. Walitiwa katika kopo, na kopo likaenda ofisini. Wafungaji hawakulipwa hata senti moja kwa nzi hao, na hakuna aliyewahi kuonyeshwa kosa lake. Ikiwa ni wabaya, mbona wanahifadhiwa? Na ikiwa wana mnunuzi, hata wa bei ya chini, kwa nini mfungaji asipate sehemu yake? Dawa yake ni moja: aliyekataliwa aonyeshwe mfungaji, kosa litajwe, kisha ama arekebishwe, ama uzi ukatwe kwa wembe pale pale na ndoano irudi sandukuni. Kopo la siri haliwezi kuwa kipimo cha kazi njema.

MAJIBU KWA WENYE KUTUTISHA

Tajiri ana tisho lake la siku zote: "Mkidai zaidi, oda zitakwenda Sri Lanka, Thailand au China." Hatusemi ni uongo mtupu. Ni kweli nzi hufungwa huko pia, na mnunuzi wa ng'ambo hutafuta bei. Lakini tazameni. Katika maduka ya Marekani nzi mmoja, si dazeni, mara nyingi huuzwa dola 2 au zaidi. Twajua fedha hiyo haiji yote Nyeri. Iko ndoano, iko posta, iko forodha, yuko mwagizaji, liko duka na kodi yake. Hata hivyo, katika safari ndefu ile, kila mmoja amejikatia sehemu yake kabla ya kumfikia aliyemfunga nzi. Kwa nini punguzo la bei lianzie kila mara kwenye kidole chake?

Tena mnunuzi hakai Kenya kwa kutuhurumia. Anakaa kwa sababu nzi wetu hawafunguki, kichwa ni kidogo, tundu liko wazi, na dazeni moja hufanana na nyingine. Ubora huo ni wa mikono iliyozoea. Tajiri anayewavunja moyo wafungaji wake wazoefu ili apunguze senti chache katika dazeni, huyo ndiye anayezifukuza oda, si chama.

Wengine husema: "Hii ni kazi ya kukaa, kazi nyepesi, kazi ya wanawake." Aliyesema hivyo na aketi, apewe ndoano ya namba 22, na afunge mmoja tu atakayekubaliwa na mnyapara. Kisha tutazungumza juu ya wepesi.

Na wako ndugu zetu wenyewe, hodari wa mkono, wasemao: "Mimi ni fundi, si mtu wa chama. Nitajipatanisha na tajiri peke yangu." Ndugu, fundi asiye na umoja ni kibarua mwenye mikono mizuri. Leo wewe hodari wapewa bei ya siri. Kesho bei yako hutangazwa kuwa kipimo cha wote, na kesho kutwa macho yako nayo yatapita miaka 40. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. 

Hatuwasahau wanaofunga nyumbani, wanaopewa ndoano na manyoya na dalali, na kufanya kazi usiku watoto wakiwa wamelala. Hao hutumiwa kuwashusha wa karakana, na wa karakana hutumiwa kuwatisha wao. Shirika la Kazi Duniani liliandika Mkataba namba 177 mwaka 1996 likisema wafanyi kazi wa nyumbani watendewe sawa na wenzao, hata katika malipo. Dazeni ni dazeni, ikiwa imefungwa chini ya bati la karakana au chini ya taa ya jikoni. Taa na mafuta ya nyumbani pia vina bei yake.

TWATAKA HAYA

1. Bei ya kila namba ya ndoano ipimwe kwa saa, mbele ya mjumbe wa wafanyi kazi na mnyapara, na nzi wa usubi awe na bei yake mwenyewe inayolingana na muda.

2. Bei zote ziandikwe na kubandikwa ukutani, na zisibadilishwe katikati ya oda.

3. Kila mfungaji apewe karatasi ya dazeni zilizokubaliwa, zilizokataliwa, bei na jumla, hata kama sheria haimlazimishi tajiri. Mapatano yaweza kuleta kile ambacho sheria imeacha.

4. Nzi waliokataliwa waonyeshwe mfungaji, kisha warekebishwe au wavunjwe mbele yake.

5. Taa katika kila jiliwa, kioo cha kukuza, na miwani kwa wanaohitaji, kwa gharama ya tajiri. Mapumziko ya macho yawe ndani ya bei.

6. Siku ambayo wafungaji wamekuja na ndoano au uzi haupo, walipwe kwa kungoja. Kosa la stoo si kosa lao.

7. Malipo yawe mwisho wa mwezi bila kungoja fedha za ng'ambo.

8. Wafungaji wa nyumbani walipwe bei ile ile.

Haya si maombi ya kutaka kuvunja kiwanda. Mtu hakati tawi alilokalia. Ni maombi ya watu wanaotaka kazi hii idumu, na watakaokaa ndani yake wadumu pia.

Sasa kazi ni yetu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema tajiri lazima akitambue chama ikiwa wengi, yaani zaidi ya nusu ya wanaostahili kuwa wanachama mahali pale, wamejiunga nacho. Zaidi ya nusu, si wote. Ikiwa meza ina watu 12, watu 7 watosha. Mwenye kuogopa kwenda ofisini peke yake, aje na jirani yake. Na tangu wiki hii kila mfungaji awe na daftari lake. Andika tarehe, namba ya ndoano, saa uliyoanza, saa uliyomaliza, dazeni zilizopokelewa na zilizokataliwa. Usiandike hasira, andika tarakimu. Siku tutakapokaa na tajiri, yeye atakuja na kitabu chake, nasi tutakuja na vyetu.

Umoja ni nguvu.